Neno "mabati" peke yake halikuuzii bati

Mteja mwingine tena kaja na ombi lile lile: mtu akiandika "mabati" Google, tovuti yake itokee ya kwanza. Nimechoka kulijibu hili kwa simu, maana watu wanalipia ndoto hiyo kwa hela halali.

Anayeandika "mabati" hujui anataka nini. Labda picha za mapaa, labda anatafuta kiwanda. Lakini anayeandika "bei ya bati la msauzi geji 28 Mwanza" fundi wake keshamaliza kenchi za paa, kimebaki kuezeka. Wa namna hiyo ni wachache, ila ndio wanaonunua.

Ile tagi ya maneno muhimu (meta keywords) iliyofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, yaani "code", achana nayo. Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Kurudia neno kila sentensi nako ni kujiharibia.

Kinachoniudhi zaidi ni hizi takwimu. Mtu anafungua Keyword Planner, chombo cha Google kinachokadiria neno linatafutwa mara ngapi, anaona maneno yake ya Kiswahili hayana idadi, anayatupa na kukimbilia ya Kiingereza. Jamani, chombo kile kimetengenezewa watangazaji, na usipotangaza sana kinakupa makadirio mapana tu. Kukosa idadi hakumaanishi hakuna anayetafuta. Soma meseji za WhatsApp za dukani kwako: "bati geji 30 mita 3 sh ngapi", "msauzi na migongo mipana ipi bora". Hivyo wanavyokuandikia ndivyo wanavyoandika na Google. Kisha ingia Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi anavyoonekana kwenye matokeo, fungua ripoti ya utendaji, utafute maneno ambayo ukurasa wako unaonekana nafasi ya 11 hadi 20 bila kubofywa. Anzia hapo, tayari uko karibu.

Nina shaka moja ambayo kozi nyingi za kupandisha tovuti Google haziigusi. Siamini kwamba Google inaunganisha "bati" na "mabati", au "geji" na "gauge", kwa uhodari ule ule inaounganisha umoja na wingi wa Kiingereza. Kwa hiyo naandika "geji" kwenye kichwa na "gauge" ndani ya jedwali, ukurasa ule ule mmoja. Usitengeneze kurasa tatu zinazofanana, zitagombania nafasi zenyewe kwa zenyewe. Na ukurasa ukipanda, siwezi kukuapia ni maneno yaliyoupandisha. Pengine mshindani kafunga tovuti yake.

Halafu kuna hili la kuandika "Bei ya bati geji 28" juu, na chini "piga simu kujua bei". Mtu kauliza bei, mpe bei! La sivyo anarudi nyuma na kufungua tovuti ya jirani. Kama bei hupanda na kushuka, weka ya leo, kwa mita, na tarehe uliyoiandika. Ikibadilika, ibadilishe siku hiyo hiyo.