Fyuzi imekatika, usikimbilie fyuzi: kuisoma pawa saplai iliyoungua

Umeme umekatika, umerudi, runinga haiwaki hata ile taa nyekundu ya stendibai. Ukifungua mfuniko wa nyuma unakuta fyuzi imekwenda. Wengi hapo huweka nyingine, huchomeka, na ya pili inapasuka papo hapo. Wapo pia wanaozungushia waya mwembamba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na sasa kinachoungua si fyuzi tena bali njia za shaba za bodi yenyewe.

Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba kipande unachokiona kimeungua mara nyingi kimeuawa na kingine, na hicho kingine huenda hakina doa lolote. Nitatumia pawa saplai ya kawaida ya runinga bapa, lakini king'amuzi, sabufa ya kisasa, chaja ya laptopu na printa zote zina mpangilio uleule kwa upande wa umeme mkali.

Kwanza usalama. Umeme wa 230 V ukishapita kwenye dayodi nne za daraja na kujaa kwenye kapasita kubwa, lile kopo linalohifadhi umeme, unakuwa karibu 325 V za moja kwa moja. Wengi hudhani hatari ni pale fyuzi inapokatika kwa kishindo. Ni kinyume chake: fyuzi ikikatika kwa sababu mosfeti, ile swichi inayoukata na kuuunganisha umeme wa transfoma, imepiga shoti, mara nyingi kapasita imeshamwaga umeme wake humo. Bodi ya kuogopa ni ile yenye fyuzi nzima lakini haiamki, kwa kuwa hakuna kinachotumia ule umeme, na kapasita inaweza kubaki imejaa muda mrefu baada ya kuchomoa waya ukutani. Ipime kwanza. Ikiwa na volti, shikisha miguu yake rezista ya 10 kΩ ya 5 W kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Kapasita ya 100 µF inaisha ndani ya sekunde tano hivi. Ipime tena kabla hujaweka kidole. Kuishotisha miguu kwa bisibisi kunafanya kazi, ila kunatoboa njia za bodi na siku moja kutakurushia cheche machoni.

Sasa itazame fyuzi. Ikiwa ya kioo na waya umekatika tu katikati, kioo kikiwa safi, kuna kitu kilivuta umeme zaidi kidogo ya kipimo, au fyuzi imezeeka. Ikiwa kioo kimekuwa cheusi au kama kioo cha kujitazamia, ni shoti kamili: mamia ya ampea kwa kitambo kidogo sana. Hapo usiweke fyuzi mpya kabla ya kupima kila kitu kinachofuata.

Weka mita kwenye alama ya dayodi, anza kwenye soketi ya umeme ukienda ndani. Baada ya fyuzi kuna varista, kile kisahani cha bluu au cha njano chenye maandishi kama 10D471. Namba 10 ni kipenyo kwa milimita, 471 ni 470 V, na kinavumilia mpaka 300 V za AC. Kikiwa kimepasuka au kimeacha masizi kwenye ukuta wa boksi, kimetimiza wajibu wake: volti zilipanda, kikapitisha umeme, fyuzi ikakatika, vilivyo nyuma yake vikapona. Mara nyingi ukibadilisha varista na fyuzi pekee runinga inaamka. Kosa la kawaida ni kukinyofoa na kuacha nafasi wazi kwa kuwa runinga inawaka bila yake. Inawaka kweli, mpaka siku nyutro, waya wa kurudishia umeme, itakapolegea tena.

Na nyutro ndiyo kisa chenyewe mara nyingi. Nyumba au mtaa unaotumia fezi tatu, nyutro ikikatika au ikilegea, umeme hutafuta njia kati ya fezi na fezi kupitia vyombo vya watu. Upande wenye vyombo vichache hupata volti zinazoweza kukaribia 400. Hizo zikigeuzwa kuwa za moja kwa moja ni zaidi ya 560, wakati kapasita kubwa imeandikwa 400 V au 450 V. Ukikuta varista imepasuka na kapasita nayo imefumuka ikatema utomvu, mwambie mwenye runinga amwite fundi umeme akakaze nyutro kwanza. Dalili anayoweza kuiona mwenyewe: balbu za chumba kimoja zinang'aa kupita kawaida huku za kingine zikififia.

Baada ya varista, pima daraja. Kila dayodi isome 0.45 hadi 0.6 upande mmoja na isisome kitu upande wa pili. Ikilia pande zote imekufa. Halafu pima miguu ya kapasita kubwa: mita ikilia kidogo kisha ikanyamaza, ni kapasita inajichaji na ni sawa. Ikilia bila kukoma, shoti iko mbele, na mara nyingi mshitakiwa ni mosfeti.

Mosfeti kama 4N60 au 7N65 ukiitazama upande wa maandishi, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni geti, dreni, sosi. Dreni na sosi zikilia pande zote, imekufa. Lakini isikufanye uende dukani na kununua mosfeti tu. Inapopiga shoti, zile 325 V hushuka kwa nguvu zote kwenye rezista ndogo iliyo kati ya sosi na grandi, ya 0.22 Ω hadi 1 Ω, nayo hukatika. Geti nayo hupata volti ambazo haikuumbiwa, zinarudi kupitia rezista ya geti ya 10 Ω hadi 47 Ω mpaka ndani ya aisi (chipu) inayoiendesha. Ukibadilisha mosfeti peke yake, ama pawa haitaamka, ama aisi mbovu itaiacha mosfeti mpya imefunguka moja kwa moja na utasikia kishindo kingine. Mimi hubadilisha kwa seti: mosfeti, rezista ya sosi, rezista ya geti, aisi, na dayodi ndogo iliyo sambamba na rezista ya geti kama ipo. Optokapla PC817, inayopitisha ishara kwa mwanga kati ya pande mbili za transfoma, naipima, siibadilishi kwa mazoea.

Halafu jiulize nani aliyeiua. Karibu na transfoma kuna kikundi cha ulinzi: dayodi ya haraka kama FR107, kapasita ya 1 kV au 2 kV, na rezista kubwa ya makumi ya kΩ. Kazi yake ni kumeza mshituko wa volti kila mosfeti inapojifunga. Dayodi hiyo ikikatika, au mguu wa rezista ukilegea kwenye risasi kwa sababu ya joto la miaka, mshituko unaipita 600 V ya mosfeti. Utaweka mosfeti mpya, itafanya kazi siku mbili, itarudi. Ukikuta mduara mweusi kuzunguka miguu ya ile rezista, lehemu upya hata kama mita inasema ni nzima.

Haiamki, na fyuzi ni nzima

Hapa hakuna masizi, na ndiyo maana wengi hukata tamaa na kuagiza bodi nzima. Kwenye kapasita kubwa zipo volti 310 hadi 325, lakini upande wa pili wa transfoma ni sifuri, au mita inapanda na kushuka kila sekunde.

Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni rezista za kuanzishia, zinazoshusha umeme kutoka kwenye kapasita kubwa mpaka kwenye mguu wa VCC wa aisi, yaani mguu unaoilisha umeme. Mara nyingi ni mbili au tatu zimefuatana, kila moja mamia ya kΩ au 1 MΩ. Rezista za namna hii zikibeba volti nyingi kwa miaka hupanda thamani au hukatika bila kubadilika rangi hata kidogo. Ng'oa mguu mmoja upime.

Cha pili ni kapasita ndogo ya VCC, ya 10 µF hadi 47 µF, 50 V. Ikikauka, aisi inaamka, inatumia akiba ndogo iliyopo, inazima kabla transfoma haijaanza kuilisha, inaamka tena. Kapasita ndogo kiasi hiki mara nyingi hazina mikato ya juu, kwa hiyo hazivimbi. Kwa macho ni nzima kabisa. Ni kipande cha bei ya andazi, na kimepeleka runinga nyingi kwenye vyuma chakavu.

Upande wa pili wa transfoma ndiko kuliko na zile kapasita zinazovimba vichwa: 1000 µF 16 V, 470 µF 25 V na ndugu zake. Kinachoziua ni joto. Kapasita iliyoandikwa 105 °C ya saa 2,000 ina maana itadumu saa hizo ikiwa kwenye joto hilo na mzigo kamili. Kila nyuzi 10 zinazopungua, umri unakaribia kuzidishwa mara mbili. Kwenye nyuzi 65 inapata saa 32,000 hivi, ambazo kwa king'amuzi kisichochomolewa ukutani ni miaka mitatu na miezi minane. Weka ya 85 °C mahali hapohapo: saa 8,000, haifiki mwaka. Kwa hiyo mteja anayerudi baada ya miezi kumi hakuonewa na bahati mbaya.

Unapobadilisha, volti zisipungue, zikizidi hakuna ubaya. Ujazo uwe uleule au uzidi kidogo. Mita inayopima µF pekee inaweza kukudanganya, kwani kapasita inaweza kusoma 900 kati ya 1000 huku ukinzani wake wa ndani umepanda mara kumi. Kipimo cha ESR, yaani cha ukinzani huo wa ndani, ndicho kinachosema kweli. Na dayodi za upande huu usizibadilishe kwa 1N4007. Hapa umeme unabadilika makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, 1N4007 haiwahi kujifunga, inapata moto na kufa. Tafuta ya haraka au ya schottky yenye volti na ampea zisizopungua za mwanzo.

Kapasita za bluu zilizoruka kutoka upande wa umeme mkali hadi upande wa pili, zenye alama ya Y, kwa mfano 222 yaani 2.2 nF, hubadilishwa kwa zenye alama ya Y tu. Ukiweka ya kawaida na ikapiga shoti, bati la nyuma na soketi za sauti zote zitapiga watu.

Rezista nyeusi isiyosomeka

Sabufa ina chaneli mbili zinazofanana: tafuta pacha wa rezista hiyo upande wa pili. Kama hakuna pacha, soma jina la aisi iliyo karibu. Karatasi yake ya mtengenezaji ina mchoro wa mfano, na wabunifu wengi hawaendi mbali nao. Njia ya tatu ni kukwangua rangi katikati ya rezista na kupima kutoka kila mwisho mpaka pale ilipokatikia, kisha kujumlisha, utapata makadirio. Kwenye chaja za simu, ile ya 10 Ω ya 1 W iliyo mlangoni ni rezista inayofanya kazi ya fyuzi, isibadilishwe kwa ya kawaida.

Bodi iliyoungua mpaka kuwa mkaa lazima ikwanguliwe. Mkaa unapitisha umeme. Ukilehemu juu yake, kwenye 325 V utawaka tena polepole. Kata mpaka ufike kwenye bodi safi, sugua kwa spiriti, acha ikauke, kisha unganisha kwa waya wenye ganda. Kati ya upande wa umeme mkali na upande wa pili acha si chini ya milimita 6.

Kabla ya kuchomeka

Toa fyuzi, weka mahali pake balbu ya waya wa moto ya 60 W. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu na bodi inapona, kwani balbu hairuhusu zaidi ya robo ya ampea na ushei. Ikimulika mara moja kisha ikazima au ikabaki na wekundu hafifu, pawa ni nzima. Ikipepesa, kuna mzigo upande wa pili au VCC haishiki. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Pasi ya nguo nayo haifai: ya 1,000 W inaruhusu zaidi ya ampea nne, mosfeti itakuwa imeshaondoka. Runinga kubwa taa zake za nyuma zikiwaka balbu itang'aa na volti zitaporomoka. Hiyo si hitilafu, ni wakati wa kurudisha fyuzi ya kipimo kilichoandikwa kwenye bodi.

Kisha iache iwake saa nzima, ichomoe, mwaga kapasita, gusa mosfeti na dayodi za pato. Kipande usichoweza kukigusa kwa sekunde tatu kina joto la ziada.

Mwenye runinga mwambie achomoe umeme ukikatika, na ukirudi asubiri dakika chache. Mlangoni mwa bodi kuna rezista ya joto kama 5D-9: ikiwa baridi ina 5 Ω na hupunguza ule mkupuo wa kwanza wa kujaza kapasita, ikiwa moto inashuka chini sana na haizuii kitu. Umeme unaokatika na kurudi baada ya sekunde kumi unaikuta bado moto.