Waigizaji Weusi katika Vichekesho vya Sinema Bubu: Cha Kutazama

Ukitazama kichekesho cha sinema bubu cha Marekani, anza na uso. Aliyejipaka masizi ya kizibo kilichochomwa hutambulika: weusi wake ni wa aina moja kutoka paji hadi shingoni, na mara nyingi midomo imezungushiwa rangi nyeupe. Kwa kawaida ni Mzungu anayemwigiza mtu mweusi, desturi ya majukwaa ya karne ya 19.

Si kila mara, lakini. Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas na nyota wa Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo New York, alikuwa mweusi na bado alitakiwa kujipaka. Mwaka 1913 kampuni ya Biograph ilimpiga filamu pamoja na kundi kubwa la waigizaji weusi, kisha ikaiacha kabla ya kuihariri. Negativu zake, yaani mikanda ya awali iliyotoka kwenye kamera, zilifika makumbusho ya sanaa ya kisasa MoMA, New York, mwaka 1939, na umma ukaziona 2014 kwa jina Lime Kiln Club Field Day. Williams ana masizi. Wenzake wanaonekana kwa ngozi zao, wamevaa nadhifu, wanacheza dansi, wanapanda farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka. Busu lake na Odessa Warren Grey ni la upendo, halikuwekwa ili wachekwe.

Katika Laughing Gas ya 1907, Bertha Regustus anakwenda kung'olewa jino, anapewa gesi ya kuchekesha, na kicheko chake kinawaambukiza abiria, polisi, hata hakimu. Kweli, bado ni mtumishi wa mezani. Lakini kila tukio linamfuata yeye.

Kabla ya kuonyesha filamu hizi, kagua kasi. Mpini wa kamera ulizungushwa kwa mkono, takriban picha 16 kwa sekunde. Mkanda wa mita 300 huchukua kama dakika 16. Ukiuendesha kwa picha 24 unaisha kwa dakika 11 na watu wanarukaruka kama vikaragosi. Williams ndiye anayeumia zaidi, maana ucheshi wake ulikuwa katika kukawia. Tazama mtu anayetembea: akionekana kwenda mbio kupita kawaida, punguza kasi.

Kagua pia nakala. Mikanda ya kamera ya wakati huo haikuhisi rangi nyekundu, hivyo ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Nakala ya nakala huongeza giza hadi macho na mashavu yanapotea, na mtazamaji akadhani mwigizaji hakuonyesha hisia. Tafuta iliyotolewa moja kwa moja kwenye negativu. Matukio ya masizi usiyakate; waeleze watazamaji mapema watakachokiona na kilitoka wapi.