Kuchaguliwa Tangu Asili Si Jina Lingine la Majaliwa

Mtu akikosa kazi aliyoitamani, utamsikia akisema kwamba ilikwisha kuamuliwa tangu asili, na mwenzake, kwa nia njema ya kumfariji, huongeza kuwa ndivyo Paulo alivyoandika. Paulo hakuyaandika maneno hayo kwa ajili ya jambo la namna hiyo.

Kwa ufupi, kuchaguliwa tangu asili ni fundisho kwamba kabla ya kuumba ulimwengu Mungu alikusudia kuwaleta watu kwenye wokovu katika Kristo, kwa neema na si kwa malipo ya matendo yao. Maana ndiyo hiyo. Kinachotatiza ni neno.

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, Warumi 8:29 inasema kwamba Mungu "aliwachagua tangu asili wafananishwe na mfano wa Mwana wake". Kitenzi cha Kigiriki kilichomo humo ni proorizo, wala si eklegomai, kitenzi cha kawaida cha kuchagua. Paulo anavitumia vyote viwili kwa kufuatana katika Waefeso 1:4 na 1:5, lakini tafsiri yetu imeviweka vyote chini ya "kuchagua", na tofauti yao ikapotea. Proorizo imeundwa kwa pro, yaani kabla, na horizo, yaani kuweka mpaka, kutokana na horos, mpaka wenyewe, kama ule wa shamba au wa nchi. Kimo mara 6 tu katika Agano Jipya, na kila mara kinaelekea kwenye kazi ya wokovu: msalaba, kufananishwa na Mwana, kufanywa wana, urithi, utukufu. Kinataja safari inakoishia. Juu ya kila jiwe la njiani kinanyamaza.

Kiswahili nacho kilikuwa na mpaka wake tayari. Ajali, kabla ya kuwa jina la magari yanayogongana, ilitoka katika ajal ya Kiarabu, muda uliowekwa, hasa ukomo wa maisha ya mtu, na maana hiyo bado inasikika katika methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Nadhani ndiyo sababu fundisho la Paulo lilivishwa upesi vazi la majaliwa: sikio lilisikia mpaka uliowekwa juu, likadhani ni ule ule.

Hata Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti wa karne ya 16 anayelaumiwa kwa kila kitu katika mada hii, hakuyachanganya mambo hayo mawili. Katika toleo la 1559 la kitabu chake kikuu aliyaweka maongozi ya Mungu juu ya viumbe vyote katika sehemu ya kwanza, na uteule, yaani huko kuchaguliwa tangu asili, akauacha hadi sehemu ya tatu, inayoeleza jinsi tunavyoipokea neema ya Kristo. Atakayenikumbusha kwamba Waefeso 1:11 inamtaja Mungu afanyaye mambo yote kwa shauri la mapenzi yake ana haki. Ila katika mstari huo huo waliochaguliwa tangu awali wanatajwa kwa habari ya urithi.

Ugomvi wenyewe wa Wakristo haukuwa juu ya matukio. Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini, alimpinga mwalimu Pelagius mwanzoni mwa karne ya tano kwa kuwa huyu alidai mtu aweza kuzishika amri za Mungu kwa uwezo wa maumbile yake, na mtaguso wa Orange, yaani mkutano wa maaskofu uliofanyika mwaka 529 katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, ukathibitisha kwamba hata mwanzo wa imani ni neema, huku ukikataa kwamba Mungu amewapangia wengine uovu. Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, mwaka 1610, hawakuukana uteule, kama wengi wanavyodhani. Walisema Mungu aliazimu kuwaokoa wale ambao kwa neema wataamini na kudumu katika imani. Sinodi ya Dordrecht, mkutano wa kanisa huko Uholanzi mwaka 1618 na 1619, ikajibu kwamba imani ni tunda la uteule, si sababu yake. Pande zote mbili zilikiri neema, na pande zote mbili zilizungumza juu ya nani anaokolewa na kwa msingi gani.

Kwa hiyo anayetaka kumfariji mwenzake aliyekosa kazi asiufunge ukurasa, bali arudi nyuma mstari mmoja tu, kwenye Warumi 8:28, ambako Paulo anasema kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema.