Kihispania si "-nge-" kwa "-nge-": dhana potofu kuhusu hali ya masharti

Aliyesomea shule ya msingi huku Kisumu anaikumbuka kalamu nyekundu ya mwalimu wa Kiswahili: -nge- huenda na -nge-, -ngali- na -ngali-, na ole wako uandike "ungekuja ungalimkuta". Sheria hiyo imetukaa kichwani kiasi kwamba ukianza Kihispania inaingia bila kubisha hodi.

"Mwisho wa -ría ndiyo -nge- yao, kwa hiyo weka pande zote mbili"

Hii ndiyo dhana inayowaangusha wengi. Unataka kusema "ningekuwa na pesa ningenunua nyumba Milimani", unaandika *si tendría dinero, compraría una casa en Milimani*. Sikio la Kiswahili limeridhika, lakini Kihispania sanifu kimekataa. Upande wa sharti, baada ya *si* ("kama" yao), kinataka umbo jingine kabisa, subjuntivo ya wakati uliopita, yaani umbo la mambo ya kudhania tu: *si tuviera dinero, compraría una casa*. Ukipenda useme *tuviese* badala ya *tuviera*, maana ni ile ile. Umbo la -ría, ndiyo hali ya masharti yenyewe, linabaki upande wa matokeo tu, hata ukianza na matokeo.

Usishangae hata hivyo ukimsikia mtu wa Bilbao au Burgos akisema *si tendría*. Nchi ya Wabasque na sehemu za jirani, kaskazini mwa Uhispania, watu wengi huongea hivyo. Ni lahaja ya nyumbani. Kwenye mtihani utakatwa maksi.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili na kukariri kwamba -ría haifuati *si* kamwe. Hilo nalo si kweli. *No sé si vendría*, "sijui kama angekuja", ni sahihi kabisa, kwa sababu *si* hiyo ni ya swali, haiweki sharti.

Kwenye -ngali- mambo yanalegea. "Ungaliniambia, ningalikusaidia" ni *si me lo hubieras dicho, te habría ayudado*, na ukimalizia kwa *te hubiera ayudado* hakuna atakayekusahihisha. Kwa hiyo *hubiera* pande zote mbili inapita. *Habría* pande zote mbili, hapana.

"Pasipo sharti, hali ya masharti haina kazi"

Jina lenyewe linapotosha. Dereva wa matatu ya Busia amesema mtaondoka saa nane: *el conductor dijo que saldríamos a las dos*. Sisi tunasema "alisema tutaondoka", na -ta- yetu haijali kwamba maneno yalisemwa zamani. Kihispania kinajali: kilichokuwa bado kuja wakati wa kusema kinachukua -ría. Ukiitafsiri sentensi hiyo "alisema tungeondoka", msikilizaji atadhani gari liliwaacha.

Kazi nyingine ni kukisia yaliyopita. *Serían las tres cuando llegamos a Kakamega*: ilikuwa yapata saa tisa tulipofika Kakamega. Hakuna -nge- hata moja hapo. (Na tatu yao ni tisa yetu, kosa hilo nalo lina wateja wake.)

"Kila kundi la vitenzi lina miisho yake"

Miisho ni sita, na ni ile ile kwa -ar, -er na -ir: *-ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían*. Unaibandika kwenye kitenzi kizima kama kilivyo kwenye kamusi: *hablaría, comería, viviría*. Alama juu ya í haiachwi popote.

Vitenzi vikaidi vya kawaida ni 12, na mashina yake ni yale yale ya wakati ujao: *tendr-, pondr-, vendr-, saldr-, valdr-, podr-, sabr-, habr-, cabr-, querr-, har-, dir-*. Watoto wao hufuata, kama *mantendría* na *propondría*, ila *bendecir* amekataa ukoo: *bendeciría*.

Penye hatari ya kweli ni matamshi. *Comía* ni "nilikuwa nikila", *comería* ni "ningekula". *Quería* na *querría* zinatofautishwa na r moja inayogonga mara moja na rr inayotetema. Tena *comería* ni "ningekula" na pia "angekula", ndiyo maana *yo* ("mimi") na *ella* ("yeye" wa kike), ambazo kwa kawaida huachwa, hurudi hapa.

"Usiposema *podría* huna adabu"

Hii wanaileta waliofundishwa kwa vitabu vya watalii. Kwa mzee usiyemjua au ofisini, *¿podría ayudarme?*, "ungeweza kunisaidia?", inafaa sana. Lakini samaki wetu wa Ziwa Victoria, mbuta, huuzwa Uhispania kwa jina *perca del Nilo*, na mteja wa Madrid akimwendea muuzaji atasema tu *¿me pones medio kilo?*, "unanipimia nusu kilo?" Adabu iko kwenye sauti na *por favor*. Ukimwambia *¿sería usted tan amable de ponerme medio kilo?*, "ungekuwa mwema kiasi cha kunipimia nusu kilo?", atakuhudumia, ila foleni itakugeukia.

Barua ya kuomba nafasi ya chuo ni habari nyingine. Huko andika *me gustaría*, na kwa mara moja -nge- yako itakuwa imekaa pake: ningependa.