Nyuzi zimekaa sawa, mbona sauti ina ukakasi?

Jumamosi jioni sebule yangu ya hapa Gangilonga, Iringa, hujaa watu wanne na makochi yakasukumwa ukutani. Mimi napiga vayolini ya kwanza, fundi cherehani ya pili, dada muuguzi viola (kubwa kidogo kuliko vayolini), na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, selo, ile kubwa ya sauti nene. Kufundisha vayolini ndiyo riziki yangu. Hii ya Jumamosi hailipi hata chai. Chai naipika mimi.

Wenzangu wote wametokea kwaya na kichwani bado wanasoma kwa sofa, yaani do-re-mi. Kwayani mkono wa mwalimu ukishuka, mmeingia. Kwarteti, kundi la wapigaji wanne kama letu, haina mkono huo. Anayeanza huvuta pumzi kwa mwendo uleule wa muziki unaokuja, na wengine wanachukua kasi humo. Miezi ya mwanzo tuliingia kama abiria wanaogombea daladala.

Hilo tulilizoea. Lililotaka kututia ugomvi ni mi.

Tulikuwa kwenye kipande cha polepole cha mtunzi Haydn (aliacha tungo 68 za kwarteti, kwa hiyo hatutaishiwa), tukatua wote kwenye sauti za C, ambapo do ni C na mi ni E. Mzee akasimamisha upinde. "Kijana, hiyo mi yako imepanda." Fundi akajibu kwa adabu lakini shingo imekaza: "Mzee, huo ni uzi mtupu, sijaugusa. Si tumeulinganisha pamoja sasa hivi?" Nao wote wawili walikuwa sahihi.

Iko hivi. Nyuzi za vyombo vyetu zimepishana kwa umbali wa do hadi so. Anza na uzi mnene wa selo, C, uruke hivyo: G, D, A, halafu E ya vayolini. Ukiifanya kila ruko iwe safi kabisa, E utakayofikia iko juu ya ile mi tamu ambayo kwaya ingeiimba juu ya C, kwa karibu moja ya tano ya nusu-toni, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda. Kidogo, lakini sikio linakunja uso. Waimbaji hawalijui tatizo hili kwa sababu koo hujishusha lenyewe. Uzi usiowekwa kidole haushuki. Programu ya simu ya kulinganishia nyuzi nayo haisaidii sana: mi yake ni ya kinanda, iko juu kidogo pia.

Dawa tunayotumia ni mbili. Tunabana kidogo kila umbali kati ya nyuzi, kuanzia A, ili C ipande na E ishuke. Na pale muziki unapotulia, fundi anaacha uzi mtupu na kuitafuta E kwa kidole cha mwisho kwenye uzi wa A. Kidole hicho ni kidhaifu na kinauma, lakini kinasogea. Kikishuka polepole unasikia sauti iliyokuwa ikitetema kama mashine ya kusaga ikitulia, halafu inakuwa moja.

Vayolini mbili zikishika do na mi safi kwa nguvu, hutokea sauti nene chini ambayo hakuna anayeipiga. Giuseppe Tartini, mpiga vayolini wa Italia wa karne ya 18, aliitumia kukagua vidole vyake. Siku tuliyoisikia mara ya kwanza fundi aligeuka kumtazama mzee, kumbe mzee alikuwa anakunywa chai.

Baridi kavu ya Juni na Julai ina vituko vyake: mbao zinasinyaa, vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza, unakuta uzi umelegea kabla hujafungua begi vizuri. Chaki kidogo hukifanya kigingi kishike. Kikigoma kuzunguka wakati wa mvua, paka sabuni kavu.

Jumamosi iliyopita dada alipangiwa zamu ya usiku. Tukapiga watatu, na kila ilipofika sehemu ya viola mzee aliiimba kwa sofa huku selo inaendelea. Mi zake zote zilikuwa safi.