Picha za watu kwenye orodha ya majina ya simu: dhana potofu na ukweli wake

Mama yangu mkubwa anaishi Mikindani, na macho yake yamepungua nguvu kiasi kwamba herufi za kwenye kioo cha simu hazimsaidii tena. Anayempigia humtambua kwa sura. Simu ikiita huiinua karibu na uso, huitazama picha kwa utulivu, ndipo anapokea. Katika orodha yake wamo akina Hamisi wanne na akina Somoe watatu, jambo ambalo kwa mtu wa Mtwara au Lindi si la ajabu hata kidogo, na kinachowatenganisha kwake ni nyuso zao tu. Siku chache baada ya kubadilisha simu alimwomba mjukuu ampigie namba yangu, akaniambia kwa masikitiko: "Mwanangu, watu wangu wameingia ukungu." Nilipofika niliyakuta majina yote na namba zote, lakini nyuso kadhaa zilikuwa zimebaki mabaka ya rangi, na nyingine hazikuwapo kabisa.

Tangu siku hiyo nimezipitia simu za ndugu wengi, kuanzia Shangani hadi Nachingwea, na nimeona kwamba tatizo lenyewe si gumu. Kinacholifanya liwe gumu ni mambo tunayoyaamini kuhusu picha hizi, ambayo hupokezanwa kutoka mtu hadi mtu bila kupimwa.

Dhana: Picha huhama pamoja na laini

Hii ndiyo iliyomponza mama mkubwa. Katika duka moja mjini walinakili majina yake yote kwenye laini, wakaiweka laini kwenye simu mpya, kisha wakayanakili tena kutoka kwenye laini kwenda kwenye simu. Waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya, kwani njia hiyo ilitosha kabisa enzi za simu za vitufe.

Ukweli ni kwamba laini ni ghala dogo sana. Imetengenezwa kubeba jina na namba, nyingi zikiwa na nafasi ya majina takriban 250, na hata jina likiwa refu hukatwa. Ukiandika "Hamisi wa Tandahimba mwenye pikipiki", upande wa pili anaweza kutoka Hamisi wa Tandahim. Picha hazipiti humo hata kidogo. Nyuso zilizokuwa zimekosekana kabisa kwenye simu ya mama mkubwa zilikuwa zimebaki kwenye simu ya zamani, na bahati nzuri simu hiyo ilikuwa bado kabatini, haijauzwa wala kufutwa.

Dhana: Nikiwa na akaunti ya Google, basi kila jina langu limo Google

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu karibu kila picha iliyopotea niliyoitafuta ilipotelea mahali hapa.

Unapohifadhi jina jipya, simu nyingi huuliza liwekwe wapi: kwenye simu, kwenye laini, au kwenye akaunti ya Google. Swali hilo huulizwa mara ya kwanza, sisi tunajibu tukiwa na haraka, na jibu hilo huendelea kutumika kwa majina yote yanayofuata pasipo kuulizwa tena. Baada ya hapo programu ya majina hukuonyesha orodha moja tu, iliyopangwa vizuri kwa alfabeti, ambamo jina lililo kwenye akaunti na jina lililo kwenye simu peke yake hufanana kabisa. Zaidi ya hayo, Android inapoona kumbukumbu mbili au tatu zenye jina na namba ileile huziunganisha na kuzionyesha kama mtu mmoja, kwa hiyo picha inaweza kuwa imeshikamana na kumbukumbu ya kwenye simu huku namba ikiwa imeshikamana na ile ya Google. Usawazishaji, yaani simu na akaunti kulinganisha yaliyomo kupitia mtandao, hupeleka kilichomo kwenye akaunti tu. Jina litakwenda, namba itakwenda, na picha itabaki pale ilipowekwa.

Kuna njia ya uhakika ya kupima. Chukua simu nyingine au kompyuta, ingia kwenye akaunti yako kupitia kivinjari, ufungue ukurasa wa majina wa Google, kisha umtafute mtu ambaye picha yake unaijali. Picha ikiwapo pale, imehifadhiwa. Isipokuwapo, haijawahi kutoka kwenye simu yako, hata kama unaiona kila siku. Programu nyingi za majina zina amri ya kuhamisha majina kutoka kwenye simu kwenda kwenye akaunti, na kazi hiyo ifanywe kabla ya kubadilisha simu, simu ya zamani ikiwa bado mkononi. Ukishahamisha, rudi kwenye kivinjari uhakikishe kwa macho yako mwenyewe.

Dhana: Picha ya jina ni picha moja

Watu husema, "Mbona kwenye orodha anaonekana vizuri, lakini akipiga anakuwa na ukungu?" Wanachokiona ni kweli tupu, na kina sababu.

Android hutunza nakala mbili za picha ya mtu mmoja. Ya kwanza ni kijipicha, ambacho hukaa ndani ya hifadhidata ya majina ili orodha ndefu iweze kupita haraka chini ya kidole. Ya pili ni picha kubwa, ambayo hukaa pembeni kama faili na huitwa inapohitajika kujaza kioo. Zamani kijipicha ndicho kilichokuwapo peke yake, kikiwa na pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 96 kwa 96. Toleo la Android 4.0, la mwaka 2011, ndilo lililoleta nafasi ya picha kubwa, ya hadi pikseli 256 kwa 256, na toleo la 4.1 la mwaka 2012 likaiongeza hadi 720 kwa 720 katika simu zenye kumbukumbu ya kutosha. Ukizidisha utaona tofauti yake: kijipicha kina pikseli 9,216, na picha kubwa ina pikseli 518,400, yaani zaidi ya mara 56. Kijipicha kikivutwa kijaze kioo, kila nukta yake hutanuka ikawa baka, na jicho la mtu hugeuka kivuli.

Kwa hiyo ukiona uso ni safi kwenye orodha lakini una ukungu ukifunguliwa, fahamu kwamba nakala ndogo imefika na kubwa haikufika. Kioo cha simu hakina kosa lolote. Aliyeleta picha, iwe ni programu ya usawazishaji au programu ya kunakili majina, alileta nakala ndogo tu.

Dhana: Ukiendelea kusawazisha, picha itajisafisha

Haitajisafisha. Pikseli zilizokatwa hazirudi, na kama kilichomo kwenye seva, yaani kompyuta za mtandaoni zinazotunza akaunti yako, ni kijipicha, ukisawazisha mara mia utaletewa kijipicha kilekile mara mia. Ubaya unaweza hata kuongezeka, kwa kuwa usawazishaji ni njia ya pande mbili: ukihariri jina lenye picha iliyokwishapunguzwa, baadhi ya programu huchukua picha hiyo ndogo, huiona ni mabadiliko mapya, na kuipandisha juu ya ile nzuri iliyokuwa kwenye seva. Nyuso za mama mkubwa zilizokuwa na ukungu zilikuwa za aina hii. Zilikuwa zimepitia programu ya namna hiyo miaka ya nyuma, na nakala ndogo ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye akaunti yake.

Ndiyo maana nashauri kutazama kwanza kwenye kivinjari, kabla ya kubonyeza chochote. Kama picha iliyoko kwenye seva ni nzuri na iliyoko kwenye simu ni mbaya, ondoa akaunti kwenye simu kisha uiingize upya, nayo simu italazimika kuvuta kila kitu tangu mwanzo; lakini usifanye hivyo kabla ya kuhakikisha kwamba majina yote yamo kwenye akaunti na simu imemaliza kupeleka mabadiliko yake. Kama iliyoko kwenye seva ndiyo mbaya, hakuna mipangilio itakayosaidia. Inabidi itafutwe picha ya asili na kuwekwa upya.

Dhana: Dawa ni simu yenye kamera ya megapikseli nyingi

Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli kama 4,000 kwa 3,000, ambazo ni nyingi kuliko simu inavyohitaji kwa jina la mtu. Lakini tuchukue picha ya harusi, watu ishirini wamejipanga mbele ya nyumba, nawe unataka uso wa binamu aliyesimama safu ya nyuma. Uso huo unaweza kuwa na upana wa pikseli 150 tu, na ukiukata ubaki peke yake utakuwa na picha ya pikseli 150, kamera iwe ya bei gani. Kwa upande mwingine, picha ya mtu mmoja aliyesogelewa, hata ikitumwa kwa WhatsApp, ambayo kwa kawaida hupunguza upande mrefu hadi pikseli 1,600 hivi, bado inazidi zile 720. Si lazima mtu asafiri kutoka Kilwa kuja kupigwa picha.

Umbali na mwanga ndiyo mambo makubwa. Mweke mtu barazani au chini ya mwembe, penye kivuli cheupe, si katika jua kali la saa saba ambalo huyaficha macho. Msogelee mpaka kichwa na mabega vijaze fremu, lakini acha nafasi pembeni na juu. Simu hukata picha kuwa ya mraba, kisha programu nyingi huionyesha ndani ya duara, na duara hula pembe zote nne. Nimeona kofia nyingi zimekatwa katikati na mitandio imebaki nusu kwa sababu mpigaji alibana sana.

Dhana: Picha ya WhatsApp ndiyo picha ya jina

Ile ni ya mwenye akaunti, naye huibadilisha apendavyo au huificha asiionyeshe kwa watu. Haiingii kwenye orodha yako ya majina. Mjomba akiweka picha ya mashua yake, WhatsApp itakuonyesha mashua, wakati jina lake kwenye simu halina picha yoyote. Wenye iPhone wamepata tangu iOS 17 ya mwaka 2023 namna ya kujipangia bango litakaloonekana wanapompigia mwenye iPhone mwenzao, ila hilo halimfikii mwenye Android.

Dhana: Picha kubwa zitamaliza bando

Tukikadiria kwamba kila picha ni kilobaiti 100, watu 200 ni megabaiti 20, na mzigo huo hubebwa mara moja tu. Baadaye husafiri yale yaliyobadilika. Kinachokwamisha mara nyingi ni hali ya kuokoa betri au kuokoa data, ambayo huzuia usawazishaji usifanyike nyuma ya pazia. Izime, unganisha simu na waifai, uiache kwenye chaji usiku mmoja.

Dhana: Faili la majina halibebi picha

Faili la vcf, yaani faili moja ambalo simu huandika humo majina yako ili uyatunze au uyahamishe, linaweza kubeba picha vizuri kabisa. Picha huandikwa humo kwa herufi, kila baiti tatu zikigeuzwa kuwa herufi nne, hivyo huongezeka ukubwa kwa theluthi moja. Hilo hutupa kipimo chepesi: faili la majina 200 lenye kilobaiti chache halina picha, lenye megabaiti kadhaa linazo. Programu nyingine huandika kijipicha tu, kwa hiyo fungua jina moja au mawili uyaone kabla ya kuiamini nakala yako. Wanaohamia iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya wenye iPhone, wajue kwamba Apple imeweka kikomo cha kilobaiti 224 kwa picha ya jina moja, ambacho kinatosha uso mmoja uliohifadhiwa vizuri.

Kwa mama mkubwa tulianza na simu ya zamani. Tuliichaji, tukahamisha majina yaliyokuwa kwenye simu kwenda kwenye akaunti, tukahakikisha kwenye kivinjari, na nyuso zilizokosekana zikarudi jioni ileile. Zilizokuwa na ukungu niliziomba upya kwa wenyewe, mmoja mmoja, nikazikata mraba na kuziweka kwenye akaunti, na picha za asili nikazitunza kwenye folda yake ili siku nyingine tusianze kuombaomba.

Alibaki mtu mmoja. Ni kaka yake, aliyekwisha kufariki, ambaye namba yake haiiti tena lakini mama mkubwa hataki jina lake lifutwe, nami sikuthubutu kulitaja suala hilo. Kilichokuwapo ni kijipicha cha pikseli 96, na hakuna aliyekuwa na picha nyingine kwenye simu yake. Tulitafuta sandukuni tukakuta picha ya karatasi, imekunjika pembe moja. Niliilaza juu ya mkeka karibu na dirisha, nikazima flashi ili karatasi isirudishe mwanga, nikashika simu sambamba nayo na kupiga mara tatu nikachagua iliyotulia zaidi. Sasa jina lake likifunguliwa, mishono ya kofia yake inahesabika.