Umebadili vipimo? Wastani sio lazima uupige upya

Nafanya kazi ya takwimu, na kitu kinachowalia watu muda bure ni hiki: mtu ameshapata wastani wake safi kabisa, anaambiwa kilo ziwe gramu, basi anarudi kwenye Ekseli anabadilisha namba moja moja halafu anaanza kujumlisha tena. Hakuna haja jamani.

Chukua watoto watano wa kliniki, wamepimwa kwenye ile mizani ya kuning'iniza: 7.2, 8.1, 6.9, 7.8 na 8.0. Jumla 38, gawa kwa 5, kilo 7.6. Sasa nesi anakwambia mizani haikurudishwa sifuri baada ya kutundika ule mfuko wa kumbebea mtoto, na mfuko wenyewe una kilo 0.3. Kila mtoto kaongezewa 0.3, kwa hiyo jumla imezidi 0.3 mara tano, ukigawa kwa tano inabaki 0.3 ile ile, basi itoe mara moja tu kwenye wastani: 7.3. Unataka gramu? Zidisha kwa 1000, 7300, kazi imeisha. Ila ukianza na kuzidisha, cha kutoa ni 300, sio 0.3 tena, na hapo ndo wengi wanapoteleza.

Hata skeli ukiipindua inakubali. Mwanasayansi Anders Celsius alipotoa skeli yake ya joto 1742, maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100, kinyume na leo. Wastani wa 70 kwake ni 30 kwetu, yaani 100 toa 70, hata kama ni vipimo vya mwaka mzima.

Sasa njoo kwenye mafuta. Gari moja inaenda kilomita 10 kwa lita, nyingine 20, wastani 15. Bosi anataka lita kwa kilomita 100, unafanya 100 gawa kwa 15, unapata 6.67. Hiyo sio! Ya kwanza inakula lita 10, ya pili lita 5, wastani ni 7.5. Hapa hatujajumlisha wala kuzidisha kila namba kwa kitu kimoja, namba yenyewe imeenda chini ya mstari wa kugawanya, na njia ya mkato haifanyi kazi tena. Ukipiga mraba au logi (logariti) ya kila namba, nako hivyo hivyo. Kwa hiyo ukipewa wastani mtupu wa kilomita kwa lita usiugeuze, omba kwanza data za gari moja moja.